Kabla ya Kukata Rufaa, Lipa Usomewe Hukumu

Mtu aliyeshindwa kesi ya shamba la Kanyamkago huwa na neno moja mdomoni anapopanda matatu kurudi Uriri: nitakata rufaa. Ni haki yake. Lakini swali analompelekea wakili kwa kawaida ni gharama ya rufaa, na hilo linapaswa kuwa la pili. La kwanza ni kama hukumu ile ina kosa ambalo mahakama iliyo juu yake inaweza kulirekebisha, na jibu la swali hilo halipatikani mpaka mtu mwenye ujuzi aketi na hukumu pamoja na mwenendo wa kesi, avisome kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hoja yangu ni kwamba kazi kubwa ya wakili wa rufaa hufanyika mezani pake katika wiki mbili za mwanzo, wala si mbele ya jaji mwaka mmoja baadaye, na kwamba mwenye pesa kidogo azitumie hapo kwanza.

Wengi hudhani rufaa ni kesi ile ile ikirudiwa mbele ya mtu mwenye cheo kikubwa zaidi. Sivyo. Kwa kawaida jaji wa rufaa hapokei mashahidi wapya, haendi kukagua mpaka, wala hasikii tena jinsi jirani alivyong'oa mkonge uliopandwa na marehemu babu. Anachopewa ni rekodi: hati za madai, ushahidi kama hakimu alivyouandika, vielelezo vilivyopokelewa, na hukumu. Ushahidi mpya huruhusiwa kwa nadra sana, tena kwa ombi maalum lenye masharti magumu. Hapa mwenye kupinga ana hoja yake. Tangu uamuzi wa Selle wa 1968 katika kesi za madai na ule wa Okeno wa 1972 katika jinai, yote ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, mahakama inayosikiliza rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Basi si jaji atajisomea? Atajisomea, ndiyo, lakini atasoma kilichoandikwa tu. Ikiwa mpimaji ardhi hakuulizwa swali lililohitajika, au risiti ya ununuzi ilibaki nyumbani kwenye sanduku, jaji hana pa kuisoma. Na ukipanda ngazi ya pili mlango unazidi kubana, kwa sababu rufaa ya pili husikilizwa kwa hoja za sheria peke yake. Katika Mahakama ya Madai Madogo, inayoshughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hata rufaa ya kwanza ni ya hoja za sheria tu. Anayetaka kumweleza jaji kwamba shahidi fulani alidanganya atakuwa amekosea njia.

Ushahidi mzuri wa jambo hili uko karibu na nyumbani. Kesi za wakulima wa miwa dhidi ya South Nyanza Sugar Company ya Awendo zimejaa katika maamuzi ya Mahakama Kuu ya Migori, nyingi zikiwa rufaa kutoka kwa mahakimu. Malalamiko yalifanana: mkulima alitia sahihi mkataba wa kupanda miwa, zao la kwanza na machipukizi mawili yanayofuata, kisha akadai kwamba kampuni haikuvuna kwa wakati au haikuvuna kabisa. Ukizisoma hukumu hizo za rufaa, utaona kwamba uchungu wa kuona miwa ikikauka shambani haukuwa ndio uliopimwa. Maswali yaliyorudi tena na tena yalikuwa makavu. Je, hasara ilitajwa kwa hesabu kamili katika hati ya madai, au mkulima aliomba fidia kwa jumla tu? Kulikuwa na ushahidi wa tani ambazo ekari moja ingetoa, na wa bei ya tani moja wakati ule? Gharama za kuvuna na kusafirisha ziliondolewa? Kesi ilifunguliwa ndani ya miaka 6 ambayo sheria inaruhusu kwa madai ya mkataba? Mkulima angeweza kupunguza hasara yake? Haya ni maswali ambayo wakili anaweza kuyajibu kwa kusoma faili jioni moja, na majibu yake yanakupa picha ya karibu kabisa ya nafasi yako. Maamuzi yenyewe yanapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Mwombe wakili akuonyeshe mawili matatu yanayofanana na kesi yako, likiwemo lililomwangusha mtu kama wewe. Akishindwa kulitafuta, huenda hajaitazama kesi yako kwa makini.

Sasa siku. Kwa kesi ya madai iliyoamuliwa na hakimu, kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinatoa siku 30. Kwa kesi ya jinai ni siku 14 tangu adhabu au amri kutolewa. Uamuzi wa Mahakama Kuu, au wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ukienda Mahakama ya Rufaa kule Kisumu, ilani ya rufaa huwekwa ndani ya siku 14, mwenendo wa kesi huombwa kwa barua ndani ya siku 30 na nakala ya barua hiyo kupewa upande wa pili, kisha rekodi kamili huwasilishwa ndani ya siku 60 tangu ilani iwekwe. Kosa la kwanza ambalo wakili hukuepusha nalo ni la kuchagua mahakama: mgogoro wa umiliki wa shamba ulioamuliwa na hakimu hauendi Mahakama Kuu bali Mahakama ya Mazingira na Ardhi, hata kama majengo yote mawili umeyazoea kwa jina moja la kotini. La pili ni kungoja. Watu husubiri mwenendo wa kesi uchapwe ndipo waanze kutafuta wakili, na uchapaji huchukua miezi. Sheria inasema kwamba muda ambao mahakama itathibitisha ulihitajika kuandaa nakala ya amri hauhesabiwi, lakini nafuu hiyo ni ya aliyeomba nakala mapema na ana barua yenye muhuri, au uthibitisho wa mfumo wa kielektroniki, kuonyesha hivyo. Hati ya sababu za rufaa inaweza kuwekwa kwanza, rekodi ikafuata. Tena usiitegemee likizo ya Desemba. Kanuni za kesi za madai huruka siku za kati ya 21 Desemba na 13 Januari katika kuhesabu muda, lakini zile siku 30 zimewekwa na sheria yenyewe, si na kanuni, na hutaki rufaa yako iwe ndiyo ya kujaribia ubishi huo. Na wewe mwenye shemeji Tarime, msikilize kwa heshima, ila siku na taratibu za upande ule wa Sirari si za Migori.

Atatokea wa kusema kwamba Kifungu cha 159 cha Katiba kinaziagiza mahakama kutenda haki bila kubanwa mno na taratibu za kiufundi, hivyo kuchelewa kidogo hakudhuru. Kifungu kipo, na kimewaokoa wengi waliokosea fomu au waliosahau ukurasa. Lakini muda wa kukata rufaa mahakama haziuhesabu kuwa jambo la fomu. Mwaka 2014, katika ombi la Nicholas Salat dhidi ya tume ya uchaguzi, IEBC, lililotokana na uchaguzi wa seneta wa Bomet, Mahakama ya Juu iliweka misingi ambayo hadi leo hutajwa karibu katika kila ombi la kuongezewa muda. Kuongezewa muda si haki ya mtu. Ni hisani ya mahakama kwa anayestahili. Anayeomba lazima aeleze sababu ya kuchelewa kwa namna ya kuiridhisha mahakama, aonyeshe kwamba ombi lenyewe hakulichelewesha, na mahakama itatazama kama upande wa pili utaumia. Mahakama hiyo ilisema pia kwamba rufaa iliyowekwa nje ya muda bila ruhusa ni kama haikuwekwa. Salat hakupewa muda aliouomba. Ikiwa mtu aliyewania useneta alikwama hapo, mkulima wa Oyani asijipe matumaini kwamba atahurumiwa kwa kuwa alikuwa akitafuta nauli. Aeleze hiyo nauli kwa hati ya kiapo, tarehe kwa tarehe, na aeleze mapema.

Katika jinai faida ya kusomewa rekodi ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Chukua kijana aliyekiri kosa siku aliyofikishwa mahakamani. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamzuia kukata rufaa dhidi ya kupatikana na hatia. Kinachobaki ni ukubwa au uhalali wa adhabu. Jamaa zake wakiambiwa hivyo huondoka wakiwa wamekata tamaa. Lakini wakili mzoefu huanza na swali jingine: je, alikiri kweli? Uamuzi wa Adan wa 1973 uliweka hatua za kupokea ukiri: shtaka lisomwe katika lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake kadiri inavyowezekana, upande wa mashtaka utoe maelezo ya kosa, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali au kuyapinga kabla ya kutiwa hatiani. Mahakama za Migori husikiliza watu wanaozungumza Dholuo, Kikuria, Kiluhya na Kiswahili, na Katiba inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Ikiwa rekodi haionyeshi ni lugha gani iliyotumika, au maelezo ya kosa hayakusomwa, au kijana baada ya kusomewa alisema maneno ya kujitetea na bado akahesabiwa kuwa amekiri, hapo pana sababu ya rufaa yenye uzito. Mistari minne ya maandishi ya hakimu inaweza kuwa na thamani kuliko mashahidi kumi ambao familia inataka kuwaleta.

Upo upande wa pili, na mawakili wengine huuficha wasije wakampoteza mteja. Mahakama ya rufaa ina uwezo wa kuongeza adhabu. Aliyepewa kifungo kilicho chini ya kiwango cha chini kilichowekwa na sheria anaweza kwenda kulalamikia hukumu akajikuta upande wa mashtaka umeomba adhabu ipandishwe. Mahakama humwonya mrufani na kumpa nafasi ya kuiondoa rufaa, lakini onyo hilo lingekuja vizuri zaidi kutoka kwa wakili wake, kabla hajaweka karatasi yoyote. Jambo jingine linalohitaji macho ya msomaji wa sheria ni maamuzi makubwa yanayozungumzwa vijiweni. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema kwamba adhabu ya lazima ya kifo kwa mauaji inakiuka Katiba. Waliokata rufaa ile walifika mbali kwa hoja moja ya sheria kuhusu adhabu, na hilo linaunga mkono ninalolisema. Baadaye magereza yakajaa maombi ya watu waliofungwa kwa wizi wa mabavu na unajisi wakidai nafuu ile ile, mpaka mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji tu. Kukata rufaa kwa sababu ya uamuzi uliousikia bila kuusoma ni njia ya kupoteza miaka. Mfungwa mwenyewe, kwa upande wake, asiogope ukosefu wa nauli: ombi lake la rufaa anaweza kulikabidhi kwa mkuu wa gereza, ambaye analipeleka mahakamani.

Rufaa yenyewe haisimamishi hukumu. Hili hushangaza watu kila mara, na huwaumiza zaidi wenye mashamba. Unaweza kuwa na rufaa nzuri Kisumu huku madalali wakichukua ng'ombe Uriri, au shamba likigawanywa na hatimiliki mpya kutolewa kwa mnunuzi ambaye hakuwa katika kesi. Ombi la kusimamisha utekelezaji huwekwa pembeni ya rufaa, na kanuni ya 6 ya Amri ya 42 ya kanuni za kesi za madai inataka mambo matatu: uonyeshe hasara kubwa itakayokupata, uwe hukuchelewa, na uwe tayari kutoa dhamana. Neno dhamana ndilo linalohitaji mazungumzo ya mapema kati ya mteja na wakili. Katika hukumu ya fedha mahakama mara nyingi huamuru sehemu yake iwekwe kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande zote mbili ndani ya muda uliotajwa, na muda ukipita, zuio huanguka. Mteja aliyeuza fahali wake wote kulipa ada ya wakili, kisha akakosa cha kuweka kama dhamana, amepanga matumizi yake kinyume. Bajeti ya rufaa ianze na dhamana.

Hapo tunafika kwenye pingamizi lenye nguvu kuliko yote: sina pesa, na wakili wa mji atanimaliza. Sitadai kwamba mawakili ni rahisi. Nasema tu kwamba kuna kazi mbili tofauti, na watu huzilipia kana kwamba ni moja. Kazi ya kwanza ni kusoma na kutoa maoni ya maandishi: kuna kosa gani katika hukumu, rufaa iende mahakama gani, siku ya mwisho ni ipi, nafasi ya kushinda ikoje, na ukishindwa gharama za upande wa pili zinaweza kufika wapi. Kazi ya pili ni kuendesha rufaa. Ya kwanza ni nafuu kuliko ya pili, na inaweza kukuonyesha kwamba ya pili haihitajiki. Yaombe maoni hayo peke yake, kwa bei iliyokubaliwa kwa maandishi. Kagua kwanza kama wakili ana cheti cha mwaka huu cha kufanya kazi. Orodha ya Chama cha Mawakili, LSK, iko wazi kwa umma, na wapo vishoka kwenye kila lango la mahakama. Na anayekuambia usilipe chochote, mtagawana ukishinda, anakupa mkataba ambao Sheria ya Mawakili inaukataa. Siku mtakapogombana hautakulinda. Kwa asiyejiweza kabisa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, wanawake wanaweza kuiendea FIDA-Kenya yenye ofisi Kisumu, na Amri ya 44 ya kanuni za kesi za madai inamruhusu maskini kuomba akate rufaa bila kulipa ada za mahakama. Njia hizi ni finyu na zina foleni, ndiyo sababu zianze kugongwa siku ya pili baada ya hukumu, si ya ishirini na nane.

Je, umrudie wakili aliyeshindwa, au utafute mpya? Watu wengi humkimbia wa zamani kwa hasira, jambo ambalo nalielewa, lakini naona si busara kuliamua siku hiyo hiyo. Yeye anaijua faili na anaweza kuweka ilani au hati ya sababu za rufaa kesho asubuhi. Udhaifu wake ni kwamba ni vigumu kwa mtu kuliona kosa lake mwenyewe, na pengine kosa kubwa lilikuwa katika maswali ambayo yeye hakuuliza. Suluhisho ninalolipendekeza ni wa zamani alinde muda, na mpya asome na kutoa maoni. Ukiamua kubadilisha, kumbuka kwamba baada ya hukumu ya kesi ya madai, kanuni ya 9 ya Amri ya 9 haikuruhusu kuleta wakili mwingine, wala kujisimamia mwenyewe, bila amri ya mahakama au makubaliano ya maandishi kati ya anayetoka na anayeingia. Rufaa na maombi kadhaa yamekwama kwa sababu mpya aliingia bila hatua hiyo. Lipa deni halali la wa zamani, upate faili yako na sahihi yake. Ikiwa amekula pesa zako au ameacha muda upite, Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili ipo, lakini tume haikurudishii siku zilizopita. Majaji wamesema mara nyingi kwamba kosa la wakili lisimwangukie mteja. Wamesema pia kwamba kesi ni ya mteja na ni wajibu wake kuifuatilia. Kwa hiyo uwe na namba ya rufaa, na uulize kila mwezi imefika wapi. Rufaa isiyosukumwa hufutwa.

Kuna nyakati jibu sahihi la wakili ni kwamba usikate rufaa, na jibu hilo linastahili ada yake sawasawa na lile unalopenda kulisikia. Kama baada ya hukumu umepata hati ambayo hungeweza kuipata kabla hata kwa juhudi, au kuna kosa la wazi usoni mwa rekodi, ombi la mapitio mbele ya mahakama ile ile linaweza kuwa fupi na nafuu zaidi, ila huwezi kushika njia zote mbili kwa pamoja. Aliyetiwa hatiani, na rufaa zake zikaisha, akipata ushahidi mpya wenye nguvu, anaweza kuiomba Mahakama Kuu kesi mpya chini ya Kifungu cha 50 cha Katiba. Kama mgogoro ni wa ndugu wawili wa boma moja juu ya mpaka, wazee na mapatano bado vina nafasi hata rufaa ikiwa imewekwa. Makubaliano yakifikiwa hupelekwa mahakamani yaandikwe kuwa amri, ili mwana wa mmoja wao asiyakane baadaye. Lakini mazungumzo hayo hayasimamishi siku 30. Weka hati kwanza, kisha mkae.

Na ikiwa mrufani ni mzee, wakili aulize jambo ambalo familia huona haya kulitaja: nani atachukua nafasi yake akifariki? Rufaa za ardhi huchukua miaka. Mrufani wa kesi ya madai akifa, mahakama isubiri mwaka mmoja bila mtu kuingizwa mahali pake, rufaa hufa naye, na aliyeshinda chini hubaki na shamba. Barua ya usimamizi wa mali inayotosha kwa kesi hiyo pekee huombwa mahakamani, na mwenye kuiomba awe amekubaliwa na wajane na wana wote mapema, kwa maana mabishano ya nani ashike nafasi hiyo yanaweza kumaliza mwaka wote huo kabla wakili hajapata mtu wa kupokea maagizo kwake.